Nusu Saa Kutoka Kilimani

Mimi si mwepesi wa kusifu watu. Nyumbani kwetu Temeke dada zangu husema nilizaliwa na ndita usoni, na ofisini walishajua kwamba nikisema kazi ya mtu "siyo mbaya", huyo mtu anaweza kwenda kujinunulia soda ya kujipongeza. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba ninayemwandika hapa alinishinda kwa mengi mpaka nikasalimu amri.

Alikuwa mkuu wa ofisi yetu, ofisi ndogo ya wahandisi wa maji iliyopanga ghorofa ya pili huko Kinondoni, juu ya duka la vifaa vya umeme. Mhaya wa Bukoba, mjane, watoto wake wameshaoa na kuolewa na kwenda zao. Sote tulimwita Mama. Hata mpima wetu wa ardhi, mtu wa Mbagala mwenye mvi nyingi kuliko zake, alimwita Mama, na alikuwa akimwamkia shikamoo kwa utani kila asubuhi mpaka siku moja Mama akaitikia "marahaba, mwanangu, umekula?" na tangu siku hiyo utani ukahamia upande wa pili.

Mama alikuwa na nyumba Madale. Alikuwa ameijenga kama sote tunavyojenga hapa mjini: chumba kimoja na choo kwanza, kahamia, kisha sebule, kisha kibaraza, kisha ukuta. Jiko lilikuja mwisho, nalo ndilo alilolipenda kuliko vyote. Alilijenga kubwa, la nje, lenye bomba refu la moshi, ili apike ndizi za watu wengi kwa wakati mmoja. Nyumba ilikaa kwenye mteremko mdogo kando ya bonde, na ukisimama kibarazani uliona vilima vya juu vyenye mapaa mapya ya rangi kila mwaka yakiongezeka.

Kila tulipomaliza kazi kubwa, Mama alitualika Jumamosi. Alisema saa saba mchana, na hakuna aliyewahi kufika saa saba. Mimi nilifika saa nane nikijiona mwema. Karani wetu alifika saa tisa. Mpima alifika wakati sufuria zinaoshwa, akasema foleni ilikuwa mbaya, ingawa alikuja na pikipiki. Geti la Mama lilikuwa la chuma, lenye pande mbili kubwa za kupitisha gari, na ubavuni lilikuwa na mlango mdogo wa kupita mtu mmoja. Miaka yote tuliingilia huo mlango mdogo, mmoja baada ya mwingine, na Mama alitupokea jikoni akigomba, "Nyie watu wa Dar, mungu wenu ni nani? Saa saba yenu inaliaga saa ngapi?" Kisha anatupakulia.

Lile bonde lililopita chini ya nyumba yake wakati wa kiangazi lilikuwa mchanga mtupu na mbuzi wawili watatu. Masika lilikuwa jambo lingine. Maji yalishuka kutoka vilimani, yakapita nyuma ya nyumba za watu, yakateremka kuelekea Tegeta, na huko chini yaliingia ndani ya nyumba na katika shule moja ya chekechea iliyojengwa mahali pabaya na watu wema. Ikaamuliwa kwamba lijengwe tuta kukatiza bonde, liyashike maji ya mvua kubwa na kuyaachia kidogo kidogo. Tuta la namna hiyo ni kitu cha kuogopa. Likisimama linaokoa watu, na likivunjika linawaua watu walewale, kwa mpigo. Kwa hiyo pembeni mwake huachwa njia pana ya zege ya kumwagia maji ya ziada, ili hata ikija mvua ambayo hakuna mtu hai aliyewahi kuiona, maji yapite hapo na tuta libaki. Ofisi yetu ndiyo iliyopewa kazi ya kusema hiyo njia iwe na upana gani.

Siku tuliyofungua ramani mezani, Mama aliweka kidole mahali fulani kabla mtu hajasema neno. "Hapa ni kwangu," alisema. "Tuta linapita hapa, na njia ya maji lazima ikae upande huu, kwa sababu ng'ambo ni udongo unaoporomoka. Kwa hiyo mimi kwenye namba simo. Nimeshawaandikia wenye kazi, wamekubali, na watatafuta ofisi nyingine iwakague. Mtaamua nyie wawili." Alituonyesha mimi na mpima. "Mimi nitawafundisha nikiulizwa, na nitawauliza nikiona la kuuliza. Kuamua, hapana."

Nilitazama ramani. Njia ya maji ikiwa nyembamba, ingepita kati ya tuta na ukuta wa Mama bila kugusa kitu. Ikiwa pana, ingeingia uani. Hapakuwa na haja ya mtu kutueleza zaidi.

Namba yenyewe iliyotakiwa si upana. Upana unafuata wenyewe. Namba iliyobeba kila kitu ni muda: tone la mvua lililoanguka mbali kabisa, juu kule kilimani karibu na minara ya simu, linachukua muda gani kufika kwenye tuta? Karani wetu, ambaye hakuwa mtu wa maji, aliuliza kwa nini muda uwe na maana kama maji ni yaleyale. Nikaanza kumjibu kwa ukali wangu wa kawaida, Mama akanikatiza.

"Umeshaenda harusi ya hapa mjini?" alimuuliza. "Kadi inasema saa kumi na mbili. Watu mia tatu wamealikwa na mlango wa ukumbi ni wa kawaida, lakini humwoni mtu amebanwa mlangoni. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu anachelewa kwa namna yake. Wa karibu ameshaingia amekaa, wa mbali bado anapiga pasi. Sasa wafanye wote mia tatu wafike dakika moja. Watu ni walewale, mlango ni uleule. Utaona."

Karani akacheka, akaelewa kwamba muda ukiwa mfupi mlango lazima uwe mpana, na mimi nikakasirika kidogo kwa sababu nilisoma hilo jambo muhula mzima na hakuna aliyenieleza hivyo.

Kanuni za kukadiria huo muda ni nyingi, na kila moja ilitungwa na mtu aliyekuwa akitazama bonde lake, si letu. Nilizijaribu zote. Moja ikanipa saa moja na nusu, nyingine nusu saa, nyingine zikakaa katikati zikinitazama. Kanuni ya saa moja na nusu ilidhani vilima vya Madale bado vina nyasi na mashamba ya mihogo. Pengine vilikuwa hivyo zamani. Siku hizi kila ua umetandazwa pevingi, yale matofali ya zege, mpaka ukutani, kila paa lina bomba la kumwaga barabarani, na barabara yenyewe ndiyo mto. Nilimwambia mpima kwamba karatasi hazitatusaidia, twende tukapime kwa miguu.

Tulisubiri mvua. Ilipokuja, asubuhi moja ya masika, tulikuwa tayari tumegawana: yeye juu, mimi chini panapokuja tuta, simu mkononi. Cha kuelea tulichagua machungwa, maana chungwa huelea likiwa limezama sehemu kubwa, na upepo hauliburuzi. Mpima alikuwa amenunua mfuko mzima njiani, lakini muuzaji, kwa mazoea yake, alishayamenya yote ganda la kijani, akaacha lile jeupe la ndani, kabla mpima hajafungua mdomo. Nilimgombeza kwenye simu kana kwamba ameua mtu. Halafu yakaanza kuteremka, meupe kabisa juu ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, nikayaona kutoka mbali sana. Chungwa lenye ganda la kijani lingenipita nisilione. Sikumwambia hivyo siku ile.

Tulirudia mpaka mfuko ukaisha, kipande kwa kipande cha njia, kutoka kwenye mitaro ya juu hadi bondeni. Nilisimama ndani ya maji, sketi nimeikunja, nikiandika. Tulipojumlisha muda wa vipande vyote tukapata kitu kama saa moja na robo. Mpima alipiga hesabu ya upana hapohapo chini ya mwavuli, akaniangalia, mimi nikamwangalia. Njia ya maji ingepita nje ya ukuta wa Mama na ingebaki nafasi ya kuanika nguo.

Sijui kama nimewahi kupanda ngazi za ile ofisi kwa furaha kama siku ile. Tulikuwa tumelowa chapachapa. Hatukuwa tumempendelea mtu, tulikuwa tumepima, na kipimo kilikuwa upande wetu.

"Mama, hii ishu imeisha," mpima alisema, hata salamu hakutoa. "Nyumba yako haiguswi. Siyo maneno yetu, machungwa yenyewe ndiyo yamesema."

Mama aliomba karatasi. Alisoma polepole, akageuza, akarudi mwanzo. Alisifia machungwa kumenywa, akasema ni akili, mpima akavimba. Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile ya kawaida, "Maji yalikufika wapi?"

"Hapa." Nikamwonyesha chini kidogo ya goti.

"Na hilo tuta tunalijengea maji ya wapi?"

Tuta tulilijengea maji ya kupita kichwa changu.

"Basi mmepima maji ya goti," alisema Mama. "Mmeyapima vizuri, sijaona aliyeyapima hivi. Maji ya goti yanabishana na kila jiwe na kila kichaka. Yakifika kifuani hayabishani tena na kitu. Nyasi zinalala, kona zinarukwa, mitaro iliyokuwa inapeana zamu inamwaga yote kwa pamoja. Mvua ile mnayoitafuta haitatembea kwa mwendo wa machungwa yenu."

Niliijua hiyo habari. Kila mwanafunzi wa maji anaijua: maji yakiwa mengi hukimbia zaidi, na muda uliopimwa kwenye mvua ya kawaida ni mrefu mno kwa mvua ya kutisha. Lakini tulikuwa tumetoka na matope miguuni, tukiwa na kipimo cha kweli cha bonde la kweli, na hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba kipimo cha kweli kinaweza kuwa cha siku nyingine. Ninavyoamini mimi, ofisi nyingine yoyote ingepokea ile karatasi ikagonga muhuri.

Hasira zikanipanda. Na mimi hasira zangu ziko karibu. "Mama, hivi wewe hiyo nyumba huitaki?"

Mama hakukasirika.

"Naitaka sana," alisema. "Wala usidhani siitaki. Asubuhi nikiamka naitazama naona nimefika mahali. Ndiyo maana nikawapa nyie muamue. Lakini swali nimeshaliona, mwanangu. Nikilimeza litanikaa hapa." Akagusa koo lake. "Wale watoto wa chekechea wanaimbaga asubuhi, napita pale kila siku. Nitapitaje?"

Akaturudishia karatasi, akaenda kuchemsha chai, akatuletea sisi, tuliolowa.

Tulirudi bondeni, safari hii kukiwa kukavu. Tulipima upana na kina cha mkondo mahali pengi. Tulitafuta alama ambazo mvua kubwa za nyuma zilikuwa zimeacha: takataka zilizonasa juu ya matawi, mistari ya tope kwenye kuta za watu, na wenye kuta walitueleza wenyewe maji yalivyokuja. Tulihesabu nyua zenye pevingi na mabonde madogo yaliyogeuzwa barabara. Halafu nikakaa kwenye meza yangu nikakokotoa mwendo wa maji ya kina kile. Nakiri nilikuwa nikitafuta, kila hatua, sababu ya haki ya kurefusha muda. Mpima naye alirudi ng'ambo mara kadhaa na fimbo yake ya kupimia kuona kama ule udongo unaoporomoka haungekubali kubeba njia ya maji. Udongo uliporomoka mbele ya macho yake. Ofisi ya ukaguzi ilipokokotoa kwa njia yao, wakatukuta palepale.

Nusu saa. Mvua ile ikija, maji ya kila kilima, ya mbali na ya karibu, yatafika kwenye tuta ndani ya nusu saa hivi, yote pamoja.

Nilichora njia ya maji kwenye kompyuta nikiwa peke yangu chumbani, nikidhani Mama yuko kikaoni. Ilikuwa pana karibu mara mbili ya ile ya machungwa. Ilimeza ukuta, geti, kibaraza na sebule, na jiko lote pamoja na bomba lake la moshi. Chumba cha kulala kilibaki, kikining'inia ukingoni. Nikasikia pumzi nyuma ya kiti changu.

Mama alikuwa amevaa miwani.

"Mstafeli wangu wa nyuma umepona," alisema.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Hukunikosea. Sogea kidogo." Akainama karibu na kioo, akaweka kidole mahali pa kuingilia maji. "Hii kona umeifanya kali. Maji yakikuta kona kali yanazunguka, yanachimba chini ya zege. Ilaze."

Niliijua ile kona kwa nini ilikuwa kali. Nilikuwa nimeikata hivyo ili ikikwepe chumba cha kulala. Kuilaza kulimaanisha kuivusha juu ya kitanda chake.

"Ilaze, mwanangu," akarudia, na sauti ilikuwa ya mwalimu anayesahihisha mchoro wa mwanafunzi, basi. "Sasa hivi. Kesho utaona uvivu."

Nikailaza. Alisema sasa imekaa vizuri, akanipiga begani, akatoka. Nilibaki nimekaa pale na ile kona nzuri mbele yangu. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeti na majina makubwa, na wengi ni waaminifu kazi inapowahusu wengine. Sijaona mwingine anayeweza kutazama mchoro unaobomoa chumba chake cha kulala na akaona kwanza kwamba kona ni kali.

Fidia ilipatikana, na watoto wake wakamtafutia kiwanja Pugu, upande wa juu kabisa, ambako alisema akinywesha maua maji yanakimbia kabla hajageuka. Kabla ya kuhama alitualika kwa mara ya mwisho pale Madale. Jumamosi, saa saba mchana.

Hakuna aliyepanga jambo na mwenzake, hilo naweza kuapa. Nilitoka Temeke mapema kwa sababu usingizi ulikataa. Nilipokata kona ya mwisho, saa saba bado haijatimia, nikamkuta mpima getini na mkewe, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amebeba kreti ya soda. Nyuma yangu akaja karani na wanawe. Kisha wanakwaya wenzake Mama, na masufuria yao kichwani. Majirani wa upande wa juu, majirani wa upande wa chini. Mwalimu wa chekechea na wazazi kadhaa. Saa saba kamili watu wote tuliokuwa tukimfikia Mama kwa zamu miaka yote tulikuwa mbele ya ule mlango mdogo wa mtu mmoja, tumebanana. Sufuria imegonga kreti, mtoto amekanyagwa analia, mwanamama mmoja mnene amekwama katikati ya fremu na wali mikononi, hawezi kwenda mbele wala kurudi.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kelele ni za nini. Alisimama. Alitutazama sote, mmoja mmoja, mpaka kwa mpima aliyekuwa hajawahi kula chakula cha moto kwenye nyumba ile. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza.

"Miaka yote nawaita saa saba mnakuja mnadondoka," alisema akifuta macho kwa ncha ya khanga. "Leo wote kwa mpigo!"

"Leo sie mafuriko, Mama!" mpima akapiga kelele kutoka nyuma.

Mama akanitafuta kwa macho ndani ya lile kundi mpaka akaniona, nimebanwa kwenye ukuta ambao mimi mwenyewe ndiye niliyeuchorea mstari wa kubomolewa. Nilitaka kumwambia kitu, hata neno moja tu la kumsifu, mimi nisiyesifu watu, lakini akaniwahi.

"Haya, wewe bingwa wa nusu saa," akaniambia, "unangoja nini? Fungua geti lote."

Nikapitisha mkono juu ya geti, nikavuta komeo la ndani, nikazisukuma pande zote mbili mpaka zikagonga mawe ya bustani, na watu wote wakapita kwa raha wakaingia ndani kula.